Kioo cha Gaudensia

1

Kifungo cha tatu ndicho kilichogoma. Gaudensia Mgaya alikuwa amepiga magoti mbele ya kaka yake, anamvalisha shati la Jumapili kama alivyomvalisha kila Jumapili tangu afungwe mkanda wa moyo. Kifungo cha kwanza kiliingia vizuri. Cha pili kiliingia kwa kubembelezwa. Cha tatu kikakataa katakata.

"Umenenepa, Kaka Alanus?"

"Ninenepe na nini? Na huo ugali wako wa kupimiwa?" Alanus akavuta tumbo ndani kwa fujo ya makusudi. Aliendesha malori miaka thelathini na minne, na mpaka leo aliongea kama mtu anayeshindana na injini. "Fanya haraka bwana. Upepo wa asubuhi ukiisha, Osmund atakuwa ameshusha ndege zote, tutafika kuangalia nyasi."

Gaudensia aliweka kiganja juu ya kisanduku cha mkanda, pale upande wa kushoto wa kifua, kisanduku chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Kilikuwa na joto. Si joto la mwili, maana joto la mwili wa kaka yake alilijua. Akabonyeza kifuniko kwa dole gumba, kikazama kidogo, kisha kikarudi juu chenyewe.

Hapo machale yakamcheza.

"Fungua kifuniko."

"Gauda, mimi leo nataka kuona ndege."

"Nimesema fungua."

Alanus akakata lakiri ya zahanati, akafungua huku akinung'unika, na betri ilipochomolewa tu mkanda ukalia mlio mwembamba, kisha sauti ya kike isiyo na haraka ikasema kutoka kifuani mwake: "Akiba. Dakika thelathini." Ni sauti ambayo kila mwenye mkanda aliichukia. Maana yake ilikuwa moja: baada ya hizo dakika, moyo utajitegemea, na moyo wa Alanus haukuwa wa kujitegemea.

Gaudensia akakunjua kitenge alichokuwa amekibeba kwenda nacho uwanjani, akatoa kioo chake. Kioo chenyewe kilikuwa kipande cha dirisha la lori la mwisho la Alanus, ukubwa wa daftari la shule, kingo zimesuguliwa kwa jiwe mpaka hazikati. Miaka kumi na mmoja sasa alikuwa mtunza betri wa klabu ya ndege ndogo hapo Makambako, na kwa miaka yote hiyo hakuna betri iliyopanda kwenye ndege wala kutoka klabuni bila kulazwa juu ya kioo hicho. Betri nzima hulala bapa, kimya. Iliyovimba huyumba.

Akailaza. Akagusa pembe moja kwa kidole. Pembe ya pili ikainuka. Akagusa ile ya pili, ya kwanza ikainuka. Tak. Tak.

"Mungu wangu," alisema.

"Muhuri unasema nini?" Alanus aliuliza. Sauti ya lori ilikuwa imemtoka.

Muhuri, kile kidirisha kidogo mgongoni mwa betri, ulikuwa unawaka kijani: themanini na moja. Kwa serikali, kwa zahanati, kwa kila aliyesoma shule, hiyo ilikuwa betri yenye afya ya asilimia themanini na moja. Lakini muhuri unahesabu umeme tu. Umeingia kiasi gani, umetoka kiasi gani. Gesi hauioni. Na humo ndani hakuna chuma cha kuzuia gesi, ni karatasi nyembamba zilizokunjwa kama mkeka, zimelowa dawa, zimefungwa kwenye mfuko laini wa bati. Ukiichaji kupita kiasi, ukiikamua mpaka tone la mwisho, ukiiacha imeshiba juani, ile dawa inachacha na kutoa gesi, na mfuko unavimba. Zamani betri zilivimba ovyo. Kisha wataalamu wakatia ndani unga wa kumeza gesi, watu wakashangilia, na elimu ya kupapasa betri ikawa mambo ya wazee.

Betri yenye unga haitakiwi kuvimba. Basi hii ilifanywa nini?

Akaigeuza, akaisogeza dirishani. Kwenye bega la kushoto, pale mikunjo miwili ya bati inapokutana, palikuwa na kiraka cha utepe mweusi kisichozidi ukucha wa mtoto. Kimekatwa vizuri, kimebandikwa vizuri. Ungekiona ungedhani ni cha kiwandani.

Gaudensia hakudhani hivyo. Kuna mtu alikuwa ameitoboa betri hii kwa sindano, akaitoa pumzi, akaziba. Betri ya namna hiyo hulala bapa siku hiyo hiyo, hata ukiiweka kwenye kioo itakudanganya. Lakini tundu likishapitisha sindano, limepitisha na unyevu. Unga utameza na kumeza, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka ushibe, na ukishashiba kuvimba kwake ni kwa kasi. Mwisho wake ni moto.

"Mshenzi gani huyu?" alisema kwa nguvu. "Mshenzi gani anaiweka hii kifuani mwa mtu?"

"Dakika ishirini na sita," ilisema sauti ya kifuani.

Akaitumbukiza betri kwenye ndoo ya mchanga iliyokaa mlangoni, akakifunga kioo kwenye kitenge, akaibeba ndoo yenyewe, akamshika kaka yake mkono, wakaita bajaji.

2

Nesi Winfrida alimlaza Alanus kitanda cha ukutani, akachomeka waya wa mkanda kwenye soketi, na sauti ya kifuani ikanyamaza. Waya ulikuwa na mita mbili. Alanus aliupima kwa macho, kutoka ukutani mpaka kwake, halafu akageuza uso.

"Sasa, Mama Kandida," Winfrida alimwambia Gaudensia, "niambie taratibu. Betri ilikuwa inasoma ngapi?"

"Themanini na moja."

"Basi ni nzima."

"Nesi, imevimba mpaka shati halifungi!"

"Mimi naongozwa na muhuri." Winfrida alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno machache na funguo nyingi. Alisema hivyo akiangalia chini, na Gaudensia akaona jinsi alivyoangalia chini. Kwa nini anaangalia chini? Na ile stoo nyuma yake, kwa nini ina kufuli mbili? Betri mpya zilikuwa mali, kila mtu alijua. Mtu akiamua kubadilisha nzima kwa mbovu, nani atajua?

"Nipe nyingine," Gaudensia alisema, akimtazama usoni.

"Sina."

"Nifungulie stoo nione."

Winfrida akachomoa funguo, akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili, akasukuma mlango. Ndani mlikuwa na dawa, glavu, na rafu ya betri iliyo tupu kabisa. "Mpaka klabu yenu ikabidhi tena mwisho wa mwezi," alisema. "Sisi hatununui, mama. Tunarithi kwenu."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Betri changa hurushwa kwenye ndege za klabu, maana ndege inataka nguvu nyingi kwa mara moja. Ikishachoka kuruka bado ina uhai wa kutosha kuusukuma moyo, kazi ndogo ya pole pole, miaka mitano mingine. Betri za mwanzo zilipelekwa kwenye taa za barabarani. Mwaka juzi kata ikaona ni upotevu, ikazitoa kwenye taa na kuzitia kwenye mikanda.

Winfrida akaleta daftari la makabidhiano. Namba ya betri ya Alanus ilikuwepo, miaka mitatu iliyopita, na mbele yake neno moja kwa mwandiko mzuri wa mviringo: *Bapa. G.M.* Gaudensia akapitisha kidole chini ya ukurasa. Betri kumi na tisa, mikanda kumi na tisa. *Bapa. G.M. Bapa. G.M.* Mwandiko wake mwenyewe, ukurasa mzima.

Kwa hiyo hakuwa nesi. Damu ikamchemka. Kuna mtu pale klabuni alikuwa anazitoboa betri kwanza, anamletea zikiwa zimelala, na yeye Gaudensia, zuzu, anaziweka kwenye kioo na kuandika Bapa. Kioo chake, jina lake!

"Betri hizi nyingine zimetobolewa ngapi?" aliuliza, lakini alikuwa anajiuliza mwenyewe.

"Sijui. Mikanda siifungui, ina lakiri. Nachaji kwa waya." Winfrida akaangalia saa ya ukutani. "Na leo ni Jumapili. Saa tisa wote wanakuja kuchaji."

Gaudensia alijua maana yake. Betri iliyoshiba gesi ukiijaza na umeme juu yake ndipo inapochanika. Na ikichanikia kifuani...

"Usichaji mtu."

"Mama Kandida, wapo wanaofika hapa wamebakiwa na chaji ya usiku mmoja. Nisipochaji, wabaki hapa ukutani wote? Nina soketi sita. Na umeme wetu ni wa jua. Alhamisi lilipotanda wingu ulikatika dakika ishirini na mbili." Alisema bila ukali. "Niletee sababu. Si hisia. Niletee jina na betri zipi, nitasimamisha. Mpaka saa tisa."

Ilikuwa saa nne na nusu. Alanus alikuwa anasikiliza yote. "Nenda kamtafute, Gauda," alisema kutoka kitandani. "Ukimpata mwambie ninao ujumbe wake."

3

Uwanja wa klabu ulikuwa nje ya mji, tambarare ya nyasi fupi pembeni mwa mashamba ya alizeti, na upepo wa Makambako haukuwahi kukosa hapo. Ndege moja ilikuwa juu, nyeupe yenye mbawa za povu, inapiga miduara na kuvuma. Osmund Kidenya, mwenyekiti, alikuwa chini yake na rimoti shingoni, amevaa kofia yake ya pamba ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Kamwene, Mama Kandida! Mbona umechelewa? Kaka yako Ali yuko wapi?"

"Shusha ndege."

"Subiri nimalize mzunguko."

"Osmund, shusha ndege yako nikuulize kitu."

Aliishusha. Wakati inateleza kwenye nyasi, Gaudensia alimkagua Osmund kuanzia viatu mpaka kofia, kama vile hajawahi kumwona. Huyu ndiye aliyeziacha betri nne zimechajiwa mpaka juu kabatini wiki nzima, miaka ile, wakati hata mtoto anajua betri inayolala inataka kuachwa nusu tumbo. Huyu ndiye aliyelia machozi ya kweli klabu iliposhindwa mashindano ya mkoa. Na huyu ndiye aliyekuwa anaijua sheria kuliko wote: ukikabidhi betri bapa unapewa mpya, ukikabidhi iliyovimba hupewi kitu, betri inaishia mchangani na ndege moja inalala. Mtu mwenye uroho wa ndege kama Osmund angeshindwa nini kushika sindano?

Akaweka ndoo chini, akafukua mchanga, akaitoa betri kwa kitambaa.

"Hii ilikuwa kifuani mwa Alanus," alisema. "Imetobolewa. Imetoka hapa, kwa mkono wa mtu wa hapa. Sasa niambie, Mwenyekiti, na usinizungushe. Nani?"

Osmund aliiangalia betri. Hakuishika. Uso wake ulibadilika, na Gaudensia akasema moyoni, naam, nimekupata.

"Ali yuko salama?" Osmund aliuliza.

"Yuko ukutani na waya wa mita mbili. Jibu swali."

"Mama Kandida, tuyaache haya. Chukua..."

"Tuyaache? Wewe una akili? Wako kumi na nane wengine wanakuja kuchajiwa saa tisa! Utobolee ndugu zangu betri, halafu uniambie tuyaache?"

"Sikutoboa mimi."

"Kiraka cha nani hiki?"

"Kiraka ni changu," Osmund alisema polepole. "Nilibandika mimi. Tundu si langu."

Osmund akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Kisha akachuchumaa, akachukua kisu chake kidogo cha kukatia povu, akaingiza ncha chini ya utepe mweusi, akauinua taratibu.

Chini yake palikuwa na tone la rangi, limekauka na kung'aa. Rangi ya kucha. Zambarau.

Gaudensia akainama karibu na lile tone. Zambarau ilikuwa rangi ya harusi ya Kandida, binti yake. Walipaka wote siku ile, mama wa bibi harusi na mashangazi na dada, na chupa ilipobaki nusu hakuitupa. Aliiweka kwenye boksi lake la vifaa, pamoja na sindano.

"Ilikuwa wiki ya Pasaka," Osmund alisema. "Zile nne nilizoziharibu mimi kabatini, na nyingine tatu za mashindano. Zilikuwa zimevimba kidogo tu. Makabidhiano yalikuwa Jumatatu. Ulisema, jamani, zinakwenda kwenye taa tu hizi, taa ikizimika nani atakufa? Nilikuona nikiwa mlangoni, umekaa na sindano. Ukazitoa pumzi, ukaziba na rangi, ukaziacha zikauke, halafu ukazilaza juu ya kioo moja moja. Zote zikalala. Ukafurahi kweli."

"Mimi nilitoboa moja," Gaudensia alisema. "Moja tu. Na ile niliizika mchangani."

"Saba."

"Osmund, ningekumbuka."

"Ile rangi ilikuwa inawaka mno. Nikasema mtu wa kata akiona atauliza, utaaibika. Nikaweka utepe mweusi juu. Nilidhani unajua. Miaka yote hii nilidhani unajua na umeamua kutosema, na mimi nikanyamaza nawe."

Alitaka kumtukana. Mdomo ulifunguka, tusi likakosekana, kwa sababu picha ilikuwa imekuja yenyewe bila kuombwa: meza, harufu ya rangi ya kucha, betri saba zimepangwa kwenye gazeti, na yeye anainama kuzipuliza zikauke. Hakuwa amesahau. Alikuwa ameandika Bapa, na baada ya kuliona neno hilo kwa mwandiko wake mwenyewe aliliamini. Kioo kilisema bapa. Nani angebishana na kioo?

Akakaa kwenye nyasi palepale. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu ikaja hofu, mbaya zaidi.

Osmund alikwenda kwenye banda, akarudi na betri iliyofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa changa, haijaruka mara kumi. Klabu nzima ilikuwa na tano tu za namna hiyo, akiba ya mashindano ya Jumamosi. "Chukua. Mwekee Ali. Mwambie nesi ile ilikuwa na kasoro ya kiwanda. Basi."

"Na wale sita wengine?"

"Hatuna uhakika kama zitavimba zote."

"Osmund."

"Sikiliza. Ukisema, wanakuja na lakiri zao, wanafunga klabu, wanakupeleka mahakamani. Wale wenye mikanda wote kumi na tisa wanaingia hofu, na mtu wa moyo hofu yenyewe inamuua. Na betri za kuwapa hazipo! Utakuwa umesaidia nini?" Alikuwa anaongea kama mtu anayeomba. "Unaye kaka mmoja tu, Mama Kandida."

Kweli alikuwa naye mmoja tu. Gaudensia akairudisha ile mbovu mchangani, akaichukua betri changa, akaifunga kwenye kitenge pamoja na kioo, akabeba ndoo, akaondoka bila kuaga.

4

Saa nane na nusu benchi la zahanati lilikuwa limeshajaa. Wenye mikanda walikuwa wamekaa bega kwa bega, wanasalimiana, wanataniana kuhusu nani mkanda wake unalia zaidi. Gaudensia alipita mbele yao bila kuinua macho. Alijiambia anapita haraka kwa ajili ya Alanus.

Alanus alikuwa ameketi kitandani, waya umening'inia. "Umempata?"

"Nimekuletea betri."

"Nimekuuliza umempata?"

Akakunjua kitenge kitandani. Hakuinua macho, na kaka yake aliliona hilo. Alikuwa dereva, alizoea kusikia kitu kimeharibika kabla hakijasimama. Gaudensia akafungua kifuniko cha mkanda, akaisogeza betri changa karibu. Ingeingia kwa sekunde mbili. Wangetoka kwa miguu yao wawili, wakala chakula cha mchana nyumbani.

"Hodi hapo ndani," sauti ilisema mlangoni. Mama mmoja wa makamo alichungulia, ameshika kitenge kifuani. "Samahani, nesi yupo? Nina pini hapa imeachia. Gauni langu limeanza kunibana, sijui nimenenepa wapi, na chakula chenyewe sili." Akacheka mwenyewe, akionyesha pale upande wa kushoto ambapo gauni lilikuwa limeshikizwa kwa pini mbili.

Gaudensia aliziangalia zile pini. Ya kwanza ilikuwa imeachia, ya pili imeanza kupinda. Akamuuliza jina.

"Lusiana."

"Mama Lusiana, gauni hili limekubana tangu lini?"

"Wiki mbili, tatu. Na joto, jamani! Nalala madirisha wazi."

Huko nje Winfrida alikuwa anakunjua waya sita za kuchajia. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Gaudensia alisikia kila plagi ikiwekwa mezani, na akajua ya kwamba kama atainyanyua betri ile na kuiingiza kifuani mwa kaka yake, hatatoka tena chumba hicho akiwa na sauti ya kusema neno.

"Kaka," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyetoboa. Ni mimi. Saba. Yako mojawapo."

Gaudensia hakungoja Alanus aseme, maana angengoja angevunjika. Akachukua kioo chake, akatoka mpaka kwenye benchi, akakiweka juu ya meza ya nesi katikati ya zile waya.

"Usichaji mtu," alimwambia Winfrida. "Umesema nikuletee jina. Gaudensia Mgaya. Kata lakiri, fungua mikanda yote, mmoja mmoja, nizipime hapa hapa. Zenye kiraka cheusi begani ndizo."

Wote wakaongea kwa pamoja. Mzee mmoja alisimama akataka kuondoka, akakumbuka kifua chake, akakaa. Mtu akauliza, "Unasema umetutoboa?" na mwingine akasema, "Si huyu mama wa ndege?" Gaudensia alijibu kila swali alilosikia. Hakusema zilikuwa za taa. Ilikuwa kweli, lakini alipolifikiria neno lenyewe lilimchefua.

Winfrida akakata lakiri ya kwanza.

Walifanya kazi hiyo kwa saa nzima, sauti za kike zikitaja akiba vifuani, watano watano ili wa ukutani wasigombanie soketi. Bapa. Bapa. Ya Mama Lusiana ilipolazwa ilizunguka juu ya kioo kama inataka kuondoka. Bapa. Yenye kiraka, ikayumba. Mwishowe zikawa sita kwenye ndoo ya mchanga, na ya Alanus ya saba.

Osmund alifika katikati ya shughuli hiyo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, ametoka jasho, na hakuna aliyemsalimia. Akaja mpaka mezani akaweka betri nne changa, moja baada ya nyingine, karibu na ile ya tano. "Jumamosi haturuki," alisema. "Na utepe ulikuwa wangu, nesi. Andika na hilo."

Betri tano, watu saba.

Winfrida alitazama orodha. Mama Lusiana alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyebisha. Kijana fundi baiskeli mwenye watoto. Mzee asiye na mtu nyumbani. Mwalimu mstaafu, na dada yake. Zikaisha. Walibaki binti mmoja aliyesema anaweza kulala zahanati kwani shangazi yake anapika hapo jirani, na Alanus.

Nesi akamtazama Gaudensia, kana kwamba anamuuliza kama moja ihamishiwe kwa kaka yake. Gaudensia akatikisa kichwa. Alitikisa haraka, kabla moyo haujambishia.

Kisha Winfrida akafungua daftari la makabidhiano kwenye ule ukurasa. "Natakiwa kuandika sababu ya kuziondoa," alisema. "Niandike nini?"

"Lete kalamu."

Akatafuta namba ya kwanza. *Bapa. G.M.* Akapiga mstari juu ya Bapa, na pembeni akaandika kwa mwandiko ule ule wa mviringo: *Nilitoboa.* Akateremka kwenye ya pili. Aliandika mara saba, na kila mara aliweka jina lake lote, si herufi mbili.

Aliporudi chumbani watu walikuwa wameshaondoka, isipokuwa yule binti aliyelazwa chumba cha pili. Kioo alikiacha kwa nesi. Hakuona haki ya kukibeba. Dirishani wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa Njombe, jeusi kwa chini, na taa ya ukutani juu ya soketi ilipepesa mara moja, ikatulia.

Alanus alikuwa amelala chali. Shati la Jumapili lilikuwa wazi, vifungo vyote vitatu.

"Kile kioo nilikung'olea mimi," alisema bila kugeuka. "Ulikuja kuniomba ukasema unataka kitu kisichodanganya."

"Ndiyo, Kaka."

"Nataka nikutukane, Gauda. Nimelala hapa natafuta tusi, sijalipata bado. Nikilipata nitakwambia."

"Sawa."

Taa ikapepesa tena. Wote wawili waliiangalia. Ikazimika, na kutoka kifuani mwa Alanus ile sauti ya kike isiyo na haraka ikasema: "Akiba. Dakika thelathini."

Gaudensia alisimama katikati ya chumba, hajui aende wapi. Kaka yake alisogeza miguu kando kidogo, akaacha nafasi kwenye ukingo wa kitanda.

"Kaa," alisema. "Utahesabu wewe."

Akakaa, akaanza kuhesabu.